Kidawa, Mnyama wa Magurudumu Mawili

Nchi ninayoisimulia ipo, ila jina lake silitaji, kwa sababu nina kazi na ninaipenda. Ukisoma ukahisi umewahi kuishi huko, hayo ni mawazo yako mwenyewe, usinitie mimi ndani. Mimi ni karani tu. Nimekaa Dirisha Namba Nne la Stesheni ya Mabatini miaka kumi na tisa, sijapandishwa cheo hata siku moja, na sina kinyongo na mtu. Nasema mapema ili ijulikane. Sina kinyongo kabisa.

Basi nchi hiyo ilikuwa na Waziri wa Miunganiko ya Safari. Nchi nyingine zina barabara, sisi tulikuwa na wizara. Waziri mwenyewe aliitwa Mheshimiwa Daktari Mhandisi Balozi Kasonzo, na ukiruka hata cheo kimoja msaidizi wake alikuwa anakohoa mpaka ukirudie. Udaktari aliupata kwa barua. Uhandisi aliupata kwa ndoa, maana baba mkwe wake alikuwa mhandisi. Ubalozi sijui aliupata wapi, labda aliukuta mahali.

Siku moja akaja stesheni kwetu kuzindua Mpango wa Taifa wa Baiskeli za Umeme. Akaletewa baiskeli mpya imefungwa utepe, akaikalia. Watu sita wakamshika: wawili kulia, wawili kushoto, mmoja mbele wa kulinda tumbo, mmoja nyuma wa kulinda heshima. Akaenda hatua kumi na moja. Bendi ikapiga wimbo mzima.

"Ndugu wananchi!" akasema, jasho linamtoka utadhani yeye ndiye aliyeisukuma. "Toka nyumbani kwako na baiskeli ya umeme! Panda nayo treni! Shuka nayo treni! Malizia nayo safari mpaka mlango wa kazini! Mlima? Betri! Umbali? Treni! Foleni? Historia! Mimi Kasonzo nimewaunganisha!"

Tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Kisha Mheshimiwa akaondoka na magari kumi na manne, barabara ikafungwa kwa saa tatu, na ile baiskeli ikapakiwa kwenye gari la nne kwa sababu kulikuwa na wingu.

* * *

Tatizo lilianza pale mtu mmoja alipomwamini.

Mtu huyo aliitwa Bi. Mwantumu, mjane wa makamo, mpika uji wa Hospitali Kuu. Ukimwona usingemdhania. Mwembamba, mpole, anasalimia mpaka mlinzi aliyelala. Lakini uji wake, we acha tu! Wagonjwa waliokwisha kukata tamaa waliomba waongezewe kikombe, na kuna mzee mmoja wa wodi ya pili aliyekataa kuruhusiwa kwenda nyumbani kwa ajili ya uji ule. Tangu mumewe afariki, lile jiko ndilo lililokuwa nyumba yake ya pili. Hakuwa na kazi nyingine anayoijua wala anayoitaka.

Sasa Bi. Mwantumu alikaa juu kabisa, Kilima cha Mbao. Basi halipandi huko. Lilipanda mara moja, mwaka wa uchaguzi, likapigwa picha, likashuka. Kwa hiyo kila alfajiri mama wa watu alitembea kilomita nane kushuka mpaka stesheni, akapanda treni, akashuka upande wa pili, akatembea nyingine saba mpaka hospitali. Jioni hivyo hivyo, ila kwa kupanda kilima. Na jiko la hospitali lilikuwa na sheria yake: ukichelewa mara tatu, unakabidhi mwiko na kwenda zako.

Aliposikia hotuba ile akajipigapiga kwa akiba yake ndogo, akapata baiskeli ya umeme ya rangi ya samawati, yenye kikapu mbele. Lo! Kilima alikishuka kwa dakika kumi na tano. Anaingia nayo kwenye behewa, anaiegemeza dirishani, anashuka nayo, dakika kumi na tano nyingine yuko jikoni. Jioni anapanda kilima ameketi, kitambaa kinapepea, majirani wanatoka nje kumwangalia. Mwezi haujaisha, na wengine wakafuata. Mafundi, walimu, wauza mboga, wakafika watu mia tatu na kumi na wawili. Asubuhi behewa la nyuma lilijaa baiskeli, na watu walifika makazini mapema wakiwa wanacheka.

Wizara ikashtuka.

Nakuambia ukweli, katika historia yote ya nchi ile hapakuwahi kutokea mpango wa taifa ukatekelezwa. Hawakuwa wamejiandaa. Mkurugenzi mmoja alisikika akiuliza, "Kwani nani amewaruhusu?" Akaambiwa ni Waziri. Akauliza tena, "Kwa maandishi?"

* * *

Asubuhi ya Jumatatu mkaguzi wa stesheni akamsimamisha Bi. Mwantumu mbele ya dirisha langu.

"Mama, chombo hiki kimesajiliwa kama nini?"

"Ni baiskeli, baba."

"Mimi sioni baiskeli hapa," mkaguzi akasema, akinichukulia fomu mezani bila hata salamu. "Naona Abiria, naona Mzigo, naona Mnyama. Chagua."

Fomu yetu ndivyo ilivyo. Iliandikwa zamani za punda, wala haijaguswa tangu wakati huo. Chini yake kuna maswali matatu ya kumsaidia karani. Je, kinatembea kwa nguvu zake chenyewe? Je, kinahitaji kulishwa ili kiendelee kufanya kazi? Je, kinaweza kumjeruhi mtu kikiachiwa? Ukijibu ndiyo mara tatu, ni mnyama. Mimi nikayasoma, nikaiangalia baiskeli, nikashika kalamu. Karani hana maoni.

Jambo likapelekwa juu. Huko juu hakuna aliyethubutu, likapelekwa juu zaidi, na kufika saa nne Mheshimiwa Kasonzo mwenyewe akawasili na waandishi wa habari, maana alikuwa hana ratiba siku hiyo. Akaisoma fomu. Akaizunguka baiskeli mara mbili. Akaushika waya wa kuchajia.

"Inatembea yenyewe?"

"Ndiyo, Mheshimiwa," wakaitikia.

"Inalishwa?"

"Umeme, Mheshimiwa. Kila jioni."

"Na huu ni mkia!" akasema, akiunyanyua waya juu ili kamera ziuone. "Ndugu zangu, mtu asidanganywe na magurudumu. Hiki ni mnyama! Tena mnyama wa kazi! Kitangazwe kwenye Gazeti la Serikali leo leo, na mimi nitasaini!"

Makofi. Nilipiga na mimi, kwa adabu, mawili matatu.

"Mheshimiwa," Bi. Mwantumu akasema kwa upole wake ule, "uji wa wagonjwa unanisubiri."

"Mama, usinifundishe kazi. Mnyama hapandi treni bila cheti cha daktari wa mifugo. Sheria ni sheria."

"Hata ingekuwa wewe, Mheshimiwa?"

Waandishi wakainua vinasa sauti. Mheshimiwa akaweka mkono kifuani, akavuta pumzi, akatoa sauti ile ya redioni.

"Hata ingekuwa mimi!"

Siku hiyo Bi. Mwantumu alifika jikoni saa saba. Ikaandikwa mara ya kwanza.

* * *

Daktari wa mifugo aliyeletwa pale stesheni, Daktari Chilumba, alikuwa mtu wa taratibu. Aliweka kile chombo chake cha kusikilizia mapigo ya moyo juu ya betri, akafumba macho, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Jina la mnyama?"

Bi. Mwantumu akanitazama. Nikainua mabega.

"Kidawa," akasema. Lilikuwa jina la marehemu dada yake.

"Jinsia?"

"Jike, basi."

"Ana mimba?"

"Daktari!"

"Mama, mimi nimeulizwa na fomu, na wewe unaulizwa na mimi."

Wakakubaliana aandike haijulikani. Kisha akatoa hereni ya mifugo, ile ya plastiki ya manjano yenye namba, akaipachika kwenye mpini wa usukani: namba 0001. Kisha chanjo. Akamdunga Kidawa sindano kwenye tairi la nyuma, fyuuu, tairi likakaa chini.

"Ameitikia vizuri," akasema, akaandika.

Na hapo chanjo ikaisha. Wizara nzima ilikuwa na dozi moja, na imetumika. Wale wengine mia tatu na kumi na mmoja wakaambiwa wanyama wao watashikiliwa mpaka dozi zitakapopatikana. Baiskeli zote zikaingizwa kwenye zizi la karantini nyuma ya stesheni, pamoja na mbuzi waliokuwamo tangu zamani, na Kidawa naye akaingia kutimiza siku zake kumi na nne.

Siku kumi na nne hizo mama wa watu alirudia miguu yake. Kila jioni, akitoka kazini, alipita zizini kumwangalia Kidawa kupitia kwenye waya. Siku ya tano mbuzi mmoja mweusi, mwenye ndevu, alikuwa amekula siti nusu. Siku ya nane alikuwa ameimaliza. Siku ya kumi mvua ilinyesha, kilima kikawa utelezi mtupu, akaikosa treni ya kwanza. Ikaandikwa mara ya pili.

Alikuja dirishani kwangu akiwa ametapakaa tope mpaka magotini.

"Bwana Ngoda," akaniambia, "nina hasira. Sijawahi kuwa na hasira kama hii. Naiona mpaka kwenye sufuria nikikoroga."

Nikamwambia mimi sina la kusema, mimi ni karani.

* * *

Siku ya kumi na tano Kidawa akatoka. Bi. Mwantumu alimfunga mto wa kitandani mahali pa siti, akajaza upepo tairi, akamfuta vumbi kwa upande wa khanga yake. Akamfunga kwa kamba kwenye nguzo ya mifugo pale jukwaani, kama kanuni inavyotaka, akasimama kungoja treni. Vyeti vyote mkononi. Hereni sikioni. Uso wake ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili.

Sasa bahati mbaya ni kwamba asubuhi hiyo hiyo Mheshimiwa alikuja kuzindua Awamu ya Pili. Nikamuuliza msaidizi, awamu ya pili ya nini, akanikoholea. Na katika nchi ile kuna mila moja ya viongozi: kiatu cha waziri hakigusi ardhi isiyo na zulia jekundu. Lazima gari lije mpaka zulia linapoanzia. Na zulia, mwaka huo, lilikuwa fupi. Walikwisha kulikata vipande, kila mkurugenzi akapata cha ofisini kwake.

Basi gari la Mheshimiwa likapanda jukwaani. Likapita mbele ya ofisi ya tiketi, watu wanaruka huku na huku, likakosa zulia kwa hatua mbili. Mheshimiwa akamwondoa dereva kwenye usukani mwenyewe. "Toka, huna shabaha!" Akarudi nyuma. Akarudi nyuma sana.

Mlio ule nilikuwa sijawahi kuusikia, na sitaki kuusikia tena. Betri ilitoa moshi. Usukani ulibaki umesimama peke yake, kengele ikalia mara moja.

Mheshimiwa akashuka, akakanyaga zulia, akageuza shingo kidogo.

"Ondoeni vyuma hivyo," akasema, na akaenda kukata utepe.

Bi. Mwantumu alipiga magoti pale pale. Treni ikaja, ikasimama, ikaondoka, naye hakuiona. Alifika hospitali kwa miguu saa tano, akakabidhi mwiko. Yule mzee wa wodi ya pili alilia kuliko yeye.

Jioni akarudi dirishani kwangu. Mkononi alikuwa na ile hereni ya manjano, 0001.

"Bwana Ngoda, nisikilize. Sitaki pole. Sitaki baiskeli nyingine. Nataka yule mtu akivute kile kilima. Kwa miguu yake. Nikiwa nimekaa nyuma. Nataka aone kilivyo kirefu."

"Mama Mwantumu, hilo si…"

"Kwenye kabati lako mna nini?"

Nyuma yangu kuna kabati la chuma la sheria za reli. Halijafunguliwa miaka mingi kwa sababu ufunguo ninao mimi na hakuna aliyewahi kuniuliza. Miaka kumi na tisa, ndugu yangu, hakuna aliyewahi kuniuliza kitu! Na jioni zote zile zisizo na treni unadhani nilikuwa nasoma nini?

Nikafungua. Sikutafuta hata kidogo, mkono ulikwenda wenyewe. Sheria ya Mifugo ya Njiani na Stesheni, kifungu cha thelathini na moja, ya zamani za punda, haijafutwa. Nikamsomea pole pole.

"Mtu yeyote atakayemuua kwa chombo chake mnyama wa kazi wa mtu mwingine, atafanya kazi ya mnyama huyo yeye mwenyewe, kwa mwili wake, wala hatawakilishwa na mtu, mpaka apatikane mnyama mwingine wa namna hiyo aliyekaguliwa, akachanjwa, na akatimiza karantini."

Bi. Mwantumu akaomba nirudie. Nikarudia. Akacheka, na mimi sijawahi kumsikia akicheka hivyo.

* * *

Mahakama ilijaa mpaka madirishani. Hakimu alikuwa mama mmoja aitwaye Nyamizi, aliyenyimwa gari la kazi na Wizara ya Miunganiko mara nne, ingawa hilo halihusiani.

Wakili wa Mheshimiwa akasimama, joho linameremeta.

"Mheshimiwa Hakimu, hili ni jambo la kuchekesha. Kilichogongwa ni baiskeli. Chuma na mpira."

Hakimu akavaa miwani. Akafungua Gazeti la Serikali. Akasoma tangazo lote kwa sauti, pamoja na mkia, mpaka kwenye saini.

"Saini hii ni ya nani?"

"Ni… ya mteja wangu."

"Ni baiskeli!" Mheshimiwa akapiga kelele kutoka kwenye kiti chake. "Kila mtu anajua ni baiskeli! Hata mtoto anajua!"

"Vizuri," Hakimu akasema. "Basi tuandike ni baiskeli, na tangazo ni batili tangu siku lilipotoka. Ila, Mheshimiwa, kuna kitu kidogo. Kama ni baiskeli, sheria ya mifugo haikukupa mamlaka ya kuzishika. Na zizini kwako zimo mia tatu na kumi na moja za watu. Kuchukua baiskeli ya mtu bila mamlaka kunaitwa wizi, miaka saba kila moja. Nimejaribu kuzidisha asubuhi, kikokotoo kimegoma. Chagua mwenyewe. Ni mnyama, au wewe ni mwizi?"

Wakili alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba wake, kitu ambacho hakikuwamo. Mheshimiwa akageuka. Akamtazama Bi. Mwantumu, aliyekuwa ameketi mbele, hereni mapajani.

"Ni mnyama," akasema, na ikabidi arudie kwa sababu karani wa mahakama hakusikia.

* * *

Kesho yake, alfajiri, magari kumi na manne yalimshusha Mheshimiwa chini ya Kilima cha Mbao, kwa kuwa gari lake halipandi huko. Akapanda kwa miguu. Alipofika juu, ulimi nje, Bi. Mwantumu alikuwa amekwisha kukaa kwenye mkokoteni, mto wa kitandani chini yake, mwavuli mkononi.

"Umechelewa," akamwambia. "Moja."

Walinzi waliruhusiwa kukimbia pembeni, lakini kugusa hapana, hatawakilishwa. Kushuka mkokoteni ulimsukuma yeye kuliko alivyouvuta. Kufika stesheni, mkaguzi yule yule akamzuia mlangoni.

"Mkokoteni wa kuvutwa hauingii bila mnyama wake. Mheshimiwa, samahani, umesajiliwa kama nini?"

Kama abiria, angepanda yeye, na mkokoteni ungebaki. Bila treni, ilikuwa kilomita thelathini kwa barabara. Akaangalia barabara. Akaangalia jua linavyochomoza. Akaita Daktari Chilumba.

"Jina la mnyama?"

"Unanijua, bwana!"

"Jina la mnyama?"

"Mheshimiwa Daktari Mhandisi Balozi Kasonzo."

"Nafasi ni herufi saba," daktari akasema, akaandika Kasonzo. Msaidizi alianza kukohoa, akaachia njiani. "Jinsia? Dume. Ana mimba?"

Akalitazama lile tumbo kwa muda. Akaandika haijulikani.

Hereni alifungiwa kwenye kola ya koti, namba 0313. Chanjo na karantini zikaandikwa kuwa deni, maana amri ya mahakama haingoji, akapanda behewa la mifugo. Upande wa pili akamvuta Bi. Mwantumu kilomita saba mpaka lango la hospitali, mkuu wa jiko akatoka mbio na mwiko kwenye sahani, akiinama, akisema yote yalikuwa makosa ya mwandishi wa daftari. Siku hiyo uji ulitoka kwa wakati. Jioni, kikaja kilima. Sitaeleza kile kilima. Nitasema tu kwamba watu walileta viti.

"Polepole, mama," Mheshimiwa alikuwa anahema, "tupumzike kidogo."

"Mlima?" Bi. Mwantumu akauliza kutoka nyuma.

Akaendelea kuvuta.

"Nimekuuliza. Mlima?"

"Betri," akasema, na kilima kizima kikaangua kicheko.

Je, hakujitetea? Alijitetea sana. Aliagiza baiskeli mpya arobaini kutoka ng'ambo ili moja ichukue nafasi yake. Zikafika, zikaingizwa zizini, zikangoja chanjo. Kibali cha kununua chanjo husainiwa na Waziri, ofisini kwake, saa za kazi. Saa za kazi Waziri alikuwa kwenye mkokoteni.

* * *

Siku ya arobaini na moja alikuja dirishani kwangu. Suruali ilikuwa imefungwa kamba, tumbo halipo. Nyuma yake Bi. Mwantumu alikuwa ameketi kwenye mkokoteni akimenya chungwa, na wale wenye baiskeli mia tatu na kumi na mmoja wamejaa jukwaani kama kila siku, maana walikuwa hawakosi kumtazama akivuta.

"Bwana Ngoda," akaniita, na nikashangaa kwamba analijua jina langu. "Ndugu yangu. Nataka kukiri. Zile ni baiskeli. Niliziiba. Nipe fomu nisaini, wanifunge, nikapumzike."

Nikachukua fomu ya kukiri. Nikaisoma mbele na nyuma. Nikaisukuma kwenye tundu la dirisha, kisha nikairudisha kabla hajaigusa.

"Samahani," nikasema. "Naona hereni. Mnyama hasaini."

"Nini?"

"Anasaini mwenye mnyama, kwa niaba yake. Na mnyama wa kazi hatolewi kazini kwenda mahakamani mpaka atimize karantini anayodaiwa, siku kumi na nne, isipokuwa mwenye mnyama aifute kwa saini yake. Mimi sikuiandika, Mheshimiwa. Mimi ni karani."

Akageuka polepole kumtazama Bi. Mwantumu. Akashika nguzo ya mifugo, ile ile.

"Mama," akasema. "Nisamehe. Nisainie leo. Nitawaachia baiskeli zao leo hii."

Na hapo, nakiri, niliogopa kidogo. Kwa sababu mama yule ni mpole, na baiskeli zile ni za watu, na wale watu walikuwa wamechoka kutembea. Bi. Mwantumu akaweka chungwa chini. Akawageukia wenzake.

"Mmemsikia. Nikisaini leo, leo mnapata baiskeli zenu. Tukifuata karantini, ni siku kumi na nne nyingine kwa miguu. Mimi baiskeli yangu ilishakufa, sina haki ya kuwaamulia. Semeni nyinyi."

Hawakwenda hata pembeni kushauriana. Mwalimu mmoja mzee, mwenye viatu vilivyochanika mbele, akajibu kwa niaba ya wote.

"Mama, tumeshazoea kutembea. Na mkokoteni wako tutauvuta sisi, kwa zamu."

Wakaanza kugombania zamu pale pale.

"Sheria ni sheria," Bi. Mwantumu akamwambia Mheshimiwa, wala hakuinua sauti. "Hata ingekuwa mimi."

Nikaigongea muhuri hati yake ya karantini. Miaka kumi na tisa nimegonga muhuri ule, sikuwahi kujua una sauti nzuri namna ile. Mkaguzi akamshika mkono Mheshimiwa, akampeleka nyuma ya stesheni, akafungua lango la zizi, akalifunga.

Mimi sina kinyongo na mtu, nilisema tangu mwanzo. Ila saa ya chakula sasa siendi tena kwenye kibanda cha chai. Nabeba mfuko wangu wa mihogo, nakaa kwenye jiwe karibu na waya, naangalia. Leo ni siku ya sita. Yule mbuzi mweusi mwenye ndevu amemaliza tai, na ameanza koti.